Salamu Niliyomnyima Tabita

Sisi Wapentekoste wa kijijini kwetu, juu kidogo ya mji wa Rădăuți huko Romania, hatuamkiani ovyo. Ndugu aliyebatizwa huambiwa "Amani," naye hujibu "Amani." Mtu wa nje huambiwa habari za mchana, kwa adabu zote, na mambo yanaishia hapo. Aliyetengwa na kanisa naye huambiwa habari za mchana, hata akiwa mama yako mzazi, wala yeye hathubutu kuanza. Husubiri asikie atapewa salamu ipi. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga viatu.

Mdogo wangu Tabita alitengwa akiwa na miaka ishirini na miwili. Alikwenda Torino, Italia, kutunza vikongwe, akaishia kuishi na mwanamume bila ndoa. Jina lake lilisomwa mbele ya kanisa siku ya Jumapili, mama akiwa benchi la tatu, na tangu hapo mama hakuimba tena. Mimi nilikasirika. Hasira hiyo niliilea vizuri, nikaipa na jina zuri: uaminifu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, ikawa zamu yetu kupokea mkutano wa vijana wa makanisa tisa. Tabita alikuwa amerudi siku tatu kabla yake kumwona mama. Mimi nimeolewa, nyumba yangu iko ng'ambo ya kijito, na kwa siku zote tatu sikuvuka.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kinamama walikuwa jikoni na masufuria ya sarmale, nyama iliyoviringishwa kwa majani ya kabichi, harufu yake ikafika hadi mimbarini. Mimi ndiye niliyeongoza kundi la mandolini, na ndiye niliyewekwa mlangoni kupokea wageni. Tulipokuwa tukikaza nyuzi, simu yangu ikalia ndani ya mkoba.

"Dada Damaris, simu," akasema Fibi, binti anayekaa kushoto kwangu.

"Iache. Kaza nyuzi zako kwanza, zinalia kama mbuzi aliyesahauliwa zizini."

"Basi leo tutamsifu Mungu na zizi zima, maana na zako zimelegea."

Mabinti wakacheka. Simu ikalia mara ya pili, kisha ikanyamaza.

Vijana wakaanza kumiminika na viatu vya matope. Amani, dada. Amani, ndugu. Mmefikaje na mvua hii? Tumefika, dada, tumeogeshwa bure. Sitadanganya, nilifurahi. Hakuna saa ninayoipenda kama ile, kusimama mlangoni na kujua kila anayeingia ni wa kwetu.

Ndipo akaja Tabita. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha kijivu cha Meza ya Bwana, nami nikasema moyoni, huyu amekuja kutudhihaki. Nikaona matundu ya hereni masikioni mwake. Matundu niliyaona. Kwamba hayakuwa na hereni, hilo sikulitia akilini.

Akanyoosha mkono, akasubiri. Nyuma yangu mabinti waliacha nyuzi zao. Ulimi wangu ulitaka kusema lile neno jingine, Mungu ni shahidi. Lakini nilikumbuka benchi la tatu, na nilijua natazamwa.

"Habari za mchana," nikasema.

"Nzuri, dada." Alichungulia ndani, kwenye mabenchi. "Mko wengi leo."

"Tuko wengi."

"Mama anakusalimu."

"Nitapita kesho."

"Haya."

Akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye koti, akashuka ngazi. Sikumwita.

"Dada, yule si Tabita?" Fibi akauliza. "Mbona hakuingia?"

"Kamuulize mwenyewe."

Tukaimba nyimbo tano. Tuliimba vizuri, vijana wakasimama, wengine wakalia, na mimi nikapiga mandolini yangu huku nikijiona nimeilinda nyumba ya Mungu. Mchungaji wetu, ndugu Teofil, alifika amechelewa, koti linadondosha maji. Akapanda mimbarini hata kabla hajalivua.

"Nimetoka kwenye kikao cha wazee," akasema. "Jana jioni dada yetu Tabita alikuja kwangu, akapiga magoti, akatubu. Yule mwanamume amemwacha tangu Pasaka. Aliniuliza kama kanisa litampokea. Nikamwambia, binti yangu, njoo mkutanoni kesho, jibu utalipata mlangoni. Ukipewa Amani, ujue umerudi nyumbani. Wazee wamekubali, wote. Nilimpigia dada Damaris mara mbili nimweleze, sikumpata, ila naamini Roho amemweleza." Akatabasamu, akaanza kutafuta kwenye mabenchi. "Haya, Tabita, simama vijana wakuone."

Vichwa mia mbili vikageuka. Fibi peke yake aligeukia kwangu.

Niliiweka mandolini sakafuni nikakimbia bila koti. Basi la Italia hupita njia panda saa tisa, nami nilipofika nilimkuta mama peke yake chini ya mwavuli, anatazama barabara tupu.

"Ameondoka," mama akasema. "Alikuwa abaki hadi Jumatano. Amekuja mbio, kabeba begi. Anasema kanisa limemkataa."

"Kanisa halikumkataa, mama. Ni mimi."

Mama alinisogezea mwavuli, tukarudi pamoja, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga.

Tabita alipokea simu siku ya tatu, akiwa Torino. Nilimweleza yote, kikao, simu iliyolia mkobani, maneno ya mchungaji. Nililia, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mchungaji alikwisha kuzungumza naye, na hana kinyongo na mtu.

"Basi amani, Tabita," nikamwambia.

Nyuma yake nilisikia kikongwe akikohoa.

"Habari za mchana, dada," akasema.

Ni miaka sita sasa. Kila Jumamosi nampigia, naanza na Amani, naye hunijibu vilevile, kwa adabu zote.