Maji Yaliyochujwa

Wakili alifungua chupa, akanusa, kisha akaniinulia macho. "Mama, haya ni maji ya kunywa."

Niliichukua. Kweli yalikuwa meupe, hayana hata harufu. Nyuma yangu mama mkwe alijikohoza.

"Nimeyachuja," alisema. "Mara tatu, kwa kitambaa safi. Kisha nikayachemsha. Ningeletaje uvundo ule ofisini kwa watu?"

Nilitamani sakafu inimeze. Wanawake thelathini wa bondeni, mboga zetu zinaoza mizizi tangu kiwanda cha ngozi kianze kumwaga uchafu wake mtoni. Miezi minne tunapanga foleni kwenye kituo hiki cha msaada wa sheria, ambako wakili mmoja anahudumia wilaya nzima bila ada. Na ushahidi wetu mama mkwe ameupika.

"Maabara inapokea sampuli hadi saa tisa," wakili alisema. "Bila majibu yao, Jumatatu hakimu hawezi kulifunga lile bomba la kiwanda. Kesi ikiahirishwa, msimu umekwenda."

"Basi inuka, wakili," nilisema. "Twende."

Saa sita sote watatu tulikuwa chini ya bomba. Maji yalitoka na rangi ya nyongo, yana povu na manyoya, na mafuta yamenata kwenye mawe kama kamasi. Funza wa pale walikuwa wamenona kuliko watoto wetu. Nilibana pumzi, nikakinga chupa mpya.

Mlinzi wa kiwanda alikuja akicheka. "Akina mama, mnajisumbua bure. Bosi kasema maji haya ni salama."

Nilimnyooshea chupa. "Karibu. Piga funda moja tu."

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Hilo nimeliandika," wakili alisema, kalamu mkononi, viatu vimezama topeni.

Aliifunga chupa, akabandika lakiri, akatia saini. Ute ulikuwa bado unachuruzika ubavuni. Mama mkwe akavuta ncha ya mtandio wake aifute. Nikamdaka mkono.

"Mama, nakuheshimu, lakini ukiifuta hiyo nitakushtaki kwa mwanao."

"Inanuka, mwanangu."

"Ndiyo kazi yake."

Tuliingia maabara saa tisa kasorobo. Karani wa mapokezi aliziba pua, akasukuma kiti nyuma.

"Jamani! Mmeleta nini?"

Mama mkwe aliinamisha kichwa, akaanza kuomba radhi, kana kwamba uvundo ule umetoka jikoni kwake. Pale ndipo nilipochefuka kweli, kuliko kule mtoni. Waliomwaga wanakula na kushiba, na aibu anaibeba bibi kizee mwenye kitambaa safi.

"Huombi radhi hapa, mama," nilisema. Nikaiweka chupa katikati ya meza, juu ya daftari la karani. "Tunaomba mhuri."

Akagonga mhuri kwa mkono mmoja, mwingine bado puani. Akaanza kujaza fomu: tarehe, mahali, rangi.

Mama mkwe akainua kichwa taratibu, akachungulia ile fomu.

"Andika na harufu," akamwambia.