Kisu Changu na Nyanya za Gathoni

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai Mourine alipoleta majibu, na mpaka leo sijui kile kikombe nilikiweka wapi.

Gathoni, mwenye ploti tunayokaa hapa Kawangware, alikuwa amesimama mbele ya wapangaji wote akasema mimi ndiye niliyeziharibu nyanya zake za kwenye magunia. Zilikuwa zimedumaa, majani yamejikunja kama karatasi karibu na moto. Niliumia sana. Miaka sita nampogolea hizo nyanya bila kuombwa, kila nikimaliza kukata vipandikizi vya petunia zangu. Na petunia zangu zilikuwa zimenawiri, kila mtu anaona.

Basi nikamwambia Mourine, mjukuu wangu anayefanya kazi kwenye maabara ya kupima maua, abebe majani ya nyanya zake na ya petunia zangu. Nilitaka jina langu lisafishwe. Gathoni akasema sawa, mashine haina kabila.

Siku ya majibu Mourine alituketisha sote wawili kwenye benchi. Alieleza kwamba walisaga majani, wakatoa chembe za ndani, wakazitia kwenye mashine inayopasha na kupoza, ikinakili kitu kimoja tu wanachokitafuta. Kikiwepo, mstari kwenye skrini unapanda. Kisipokuwepo unalala, kama ulivyolala ule wa maji matupu waliyoweka ya kulinganisha.

"Kitendawili, Kukhu," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, maana anajua navipenda.

"Tega."

"Sina koti, ni mdogo kuliko virusi. Kwa mwenyeji wangu nimetulia, kwa jirani ndiko kunakolia."

Nilishindwa. Nikampa mji, nikampa Kitale nzima. Aliupokea bila kucheka.

"Ni viroidi, kimelea cha mimea. Nyanya zinayo. Petunia zako zinayo zaidi, mstari wake ulipanda kwanza. Kwa petunia haionekani. Ilihama na kisu, Kukhu."

Kisu kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nilikisikia pajani kama kaa la moto.  Mimi, na wema wangu wote.

Niling'oa petunia zote, hata ile niliyotoka nayo mtaa wa Sarang'ombe nilipohamia hapa, nikazisindilia guniani zikachomwe. Nikangoja Gathoni anitukane. Alikuwa ameshika mdomo, macho yamemtoka.

"Mama Sifuna," akasema polepole, "mwezi jana nilimpelekea dada yangu vipandikizi vyako. Kule mtaa wa Satellite. Amevipanda katikati ya nyanya."

Nilifunga aproni upya. Tukatoka naye kwa miguu, haraka, hakuna aliyekumbuka kufunga mlango.