Jedwali la Mvua ya Kebirigo

Kwa miaka thelathini na mmoja Gesare alikuwa akipima mvua kila asubuhi katika shamba lake la majani chai, karibu na Kebirigo. Bwana shamba mmoja ndiye aliyemwachia kipima mvua mwaka wa 1968, kisha akahamishwa na hakurudi kukiulizia. Gesare hakuacha kukisoma. Aliandika kila kitu katika madaftari ya shule, na siku alipojifungua kitindamimba wake, Mong'ina, alimtuma mumewe kwenda kusoma milimita za siku hiyo.

Mong'ina alikua, akawa mwalimu wa jiografia. Agosti ya 1999 aliitumia likizo yake nzima kuyachapa madaftari yale mjini Kisii, kwenye duka la Jayshree. Jayshree alikuwa mpiga chapa, na kompyuta yake ilifika kwenye intaneti kupitia waya wa simu. Wawili hao waliliweka jedwali la mvua kwenye tovuti ya bure, kwa sababu Daktari Obwocha wa chuo kikuu alikuwa akitafuta mahali pa kujenga kituo cha hali ya hewa. Wajumbe wa kamati yake walikuwa wametawanyika katika miji mitatu, na kila mmoja alitaka kujionea takwimu kabla ya kikao cha Jumatatu.

Ijumaa saa nane mchana barua pepe ya Daktari Obwocha ikaingia. "Mwalimu, kichwa cha ukurasa tunakiona. Tukibofya jedwali, hatupati kitu."

"Haiwezekani," Mong'ina alisema. Akabofya. Jedwali likafunguka palepale, limejaa tarakimu tele. "Si hili hapa?"

Gesare, aliyekuwa amekuja mjini na bintiye, alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Alitaka kufika nyumbani kabla jua halijatua na Sabato kuingia. "Kama wewe unaliona," aliuliza, "wao wana macho gani?"

Jayshree alibadilisha jina la faili. Akalipandisha upya kwenye tovuti. Dakika ishirini zikapita, jibu likawa lilelile: hawaoni kitu. Mong'ina alianza kuona haya. Alikuwa amemwambia mamake kwamba kazi imekwisha, tena mbele ya kanisa zima.

"Ngoja nimpigie kaka yangu Bhavin, yuko Kisumu," Jayshree alisema. "Atatuambia anachokiona."

Laini ilikuwa moja tu, kwa hiyo ilibidi akate intaneti ndipo apige simu. Jayshree alipokuwa akizungumza, Mong'ina alibofya tena, kwa kukosa la kufanya. Jedwali likafunguka.

Akamgeukia Jayshree.

"Dada Jayshree, intaneti umeikata?"

"Nimekata. Si unaniona niko kwenye simu?"

"Basi hili linatoka wapi?"

Jayshree aliinama, akasoma anwani iliyoandikwa juu ya kioo. Akajipiga paji la uso. "Linatoka humuhumu! Kiungo kinaelekeza kwenye diski ya kompyuta yangu. Mtu wa Nairobi akibofya, anatafutiwa faili ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Atalipata wapi?"

Jedwali lenyewe lilikuwa limefika kwenye tovuti tangu Jumatano, likakaa kama mgeni ambaye hakuna aliyemfungulia mlango. Katika kiungo wakafuta njia ile ndefu ya diski, wakaacha jina la faili peke yake. Wakaupandisha ukurasa, wakakata intaneti, wakampigia Bhavin tena.

"Naliona!" sauti ya Bhavin ilipaa hadi kwenye benchi. "Niwasomee? Aprili 1977, milimita mia moja arobaini na mbili."

"Hapana," Gesare alisema.

Wote wakageuka.

"Aprili ile ilikuwa mia nne kumi na mbili. Mto ulichukua daraja letu, tukakaa majuma mawili bila kwenda sokoni."

Mong'ina alipekua madaftari. 412. Ni yeye aliyekosea kuchapa. Alicheka hadi machozi yakamtoka, huku akirekebisha. Saa kumi na moja kasoro, Daktari Obwocha aliandika maneno mawili: "Tumeliona. Asanteni."

Jumanne, shule zikiwa zimefunguliwa tena, Jayshree alipiga simu shuleni kwa Mong'ina. Kamati ilikuwa haijaamua, kwani kulikuwa na maeneo mengine mawili. Lakini wajumbe watatu wangefika Kebirigo Alhamisi kukagua mahali, na walitaka kukutana na mwenye madaftari.

Jioni ile Mong'ina alimkuta mamake shambani, akampa habari. Gesare alitazama huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye mkaratusi uliokuwa umeota upande wa mashariki.

"Huo utavizibia vipimo vyao upepo," alisema, akikunja mikono ya sweta yake. "Kalete shoka, mwanangu. Tuna siku mbili."