Mafunzo Kwenye Maganda ya Maharage

Mfuniko wa sufuria ulitetemeka rafuni, ukatulia, ukatetemeka tena. Kulikuwa hakujapambazuka, hata jogoo wa jirani alikuwa hajawika. Nilijua bila kuinuka kitandani kwamba mjukuu wangu Hyasinta yuko jikoni, anakanyaga sakafu ya udongo kama alivyofundishwa na mjomba wake: mguu mbele, ngumi, rudi nyuma.

"Hyasinta, utaniangushia vyombo."

"Shikamoo Bibi. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Wewe hukuniamsha, ni mfuniko."

Alicheka, akauweka mfuniko chini, akaendelea.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Mama yake alifariki Hyasinta akiwa bado ananyonya, nami nikamlea hapa kwetu, juu kidogo ya Karatu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya kusomea uuguzi. Aende Januari, ndivyo tulivyokuwa tukingoja. Lakini kulikuwa na kijana wa Daa, kijiji cha chini yetu, jina lake Piusi, aliyemtaka. Alituma wazee, tukawakaribisha vizuri, tukawaambia binti anasoma. Baada ya hapo Piusi akasema mnadani, watu wakisikia, kwamba yeye hachoki kungoja, anachoka kuomba. Kila mtu alielewa. Siku moja atamvizia njiani na wenzake, ambebe, na akishalala kwao usiku mmoja wazee watakuja na pombe ya asali kuomba msamaha, mambo yaishe. Na shule nayo iishe.

Hyasinta alisema atajifunza kujihami.

Jioni moja tulilizungumza tukiwa uani tunapukuchua mahindi. Alikuwepo Metui, Mmasai aliyelinda ghala la shamba la kahawa la jirani, ambaye alizoea kupita kutusalimu. Alikuwepo pia mwanangu Martini, kitinda mimba wangu, aliyerudi kutoka vita vya Uganda. Huko jeshini alijifunza karate na kushikana mieleka ya judo.

"Mpe fimbo," alisema Metui. "Nitamfundisha mimi. Mwenye fimbo hashikwi, watu husimama mbali."

"Mzee, ataenda nayo kwaya?" Martini akamtania. "Siku atakayoisahau nyumbani ndiyo siku watakayokuja."

"Na wewe utampa nini?"

"Mikono yake."

"Mikono anayo tangu azaliwe!"

"Anayo, lakini haijaenda shule."

Tulicheka sote, hata Metui. Hyasinta hakuamua siku ile. Aliazima fimbo ya Metui, akatembea nayo hadi kisimani na kurudi, ndoo kichwani. Kesho yake alimrudishia kwa heshima, akasema mtu mwenye ndoo kichwani hana mkono wa fimbo. Kisha akamwendea Martini, mimi nikiwa pale pale.

"Mjomba, nifundishe. Lakini sitaki mambo ya kupendeza. Nataka mtu akinishika nitoke, nikimbie. Sitaki kuolewa na Piusi."

"Nimekusikia," alisema Martini.

Niseme ukweli, alimfundisha kwa upendo. Alikusanya maganda ya maharage, akayatandaza nene nyuma ya nyumba ili akianguka asiumie. Alipunguza suruali yake ya jeshi, akaishona kwa mkono, imtoshe mtoto. Siku Hyasinta alipochubuka kiwiko, Martini alichemsha maji ya chumvi, akamwosha polepole, akipuliza kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Niliyaona hayo yote nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto wa namna ile.

Somo lililorudiwa mara nyingi lilikuwa la mtu kukukumbatia kwa nyuma. Martini alimkumbatia, naye Hyasinta alishuka kwa uzito wote, akatafuta kidole gumba cha mjomba wake na kukikunja nje.

"Kidole gumba ndio mlango," Martini alimwambia. "Mkono uwe na nguvu gani, pale ndipo unapofunguka. Tena!"

Mwezi wa kumi na moja Hyasinta alikwenda mashine kusaga. Mchana ulipopinda, mama mmoja aliyekuwa naye kwenye foleni alifika kwangu akihema. Alikuwa na debe lake kichwani na unga wetu mgongoni. Ameubeba mlima wote.

"Mama, wamembeba," alisema. "Wanaume watatu, pale kwenye korongo. Amepigana sana. Lakini hawakumwachia."

Nilimtafuta Martini sikumpata. Nikamwendea Metui. Hakuniuliza kitu, alimwomba mwenzake amshikie lindo, tukashuka pamoja kwenda Daa. Nilipochoka alinipa fimbo yake niegemee, akapunguza mwendo bila kuonyesha kwamba anapunguza.

Tulifika jua likielekea kuzama. Uani kwa kina Piusi kulikuwa na watu wanakunywa. Mlangoni mwa nyumba ndogo alikaa mama mzee kwenye kigoda, amenyoosha miguu kuziba mlango. Huyo alikuwa Marsela, mama yake Piusi. Na kati ya wanywaji, kibuyu mkononi, alikaa mwanangu Martini.

Alisimama akitabasamu. "Mama! Mbona umekuja leo? Wazee walipanga waje kwako kesho."

Nilifikiri labda amekuja kumtoa mtoto. Moyo wangu ulitangulia kumtetea kabla sijajua kinachotetewa.

"Hyasinta yuko wapi?"

"Yumo ndani, mzima kabisa. Mama, ungalimuona! Kijana mmoja kavimba jicho. Daa nzima inamsifu."

Hyasinta alisikia sauti yangu, akaja akasimama nyuma ya Marsela. Blauzi yake ilikuwa imechanika begani. Hakunitazama mimi, alimtazama mjomba wake.

"Mjomba, yule wa nyuma alificha vidole gumba. Alivikunja ndani ya ngumi, akaninyanyua miguu isiguse chini. Nilitafuta kidole, sikukiona. Nani alimwambia?"

Watu waliacha kunywa. Martini alicheka kidogo, halafu akaona kwamba hakuna anayecheka naye.

"Niliwaambia mimi," alisema. "Sasa ningewaacha wavunjwe vidole? Na wewe wangekushika ovyo, wangekuumiza. Niliwafundisha wakushike vizuri."

"Nilikwambia sitaki."

"Hyasinta, msichana gani husema anataka?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikashikilia fimbo kwa mikono miwili. Zamani kwetu msichana aliyebebwa alipaswa kulia na kupigana, hata kama amekwishapatana na mvulana kwa siri. Asiyepiga kelele alisemwa kwamba alikuwa anawangoja mlangoni. Aliyepigana sana aliheshimiwa na wakwe. Mwanangu alikuwa amemsikia mtoto akisema sitaki, wiki baada ya wiki, juu ya maganda yale, na alidhani anamfundisha kupigana ili apendeze.

Au alijifanya kudhani. Maana Piusi alisimama akasema, "Martini, uliniambia amekubali. Uliniambia anafanya mazoezi kwa ajili ya siku hii."

Martini alinigeukia mimi. "Mama, akienda huko uuguzi nani atabaki karibu yako? Hapa Daa ni hatua chache, angekuja kukutekea maji. Nilifanya kwa ajili yako."

Sijawahi kuumizwa kama alivyoniumiza kwa neno hilo. Angesema alifanya kwa ajili ya pombe, ningelivumilia.

"Mimi sikukutuma," nilimwambia.

Marsela alikuwa bado kigodani. "Mimi nilibebwa," alisema taratibu. "Nililia njia nzima, tulipofika hapa nikanyamaza, maana nilishamjua mume wangu. Huyu waliyeniletea amepigana njiani kimya kimya. Kilio ameanza alipovuka mlango. Nimekaa hapa tangu wakati ule, na hakuna mwanaume aliyenipita."

"Mama," Piusi alianza.

"Nyamaza. Ulitaka mke, umeletewa mtu aliyeomba msaada akakosa."

Aliinuka kwa shida, akavua shuka lake, akamfunika Hyasinta bega lililokuwa wazi, akamfunga fundo shingoni kama anavyofunga mama mtoto wake anayekwenda shule. Kisha akasogeza kigoda pembeni. Hyasinta alitoka. Hakuna aliyemgusa. Piusi alitazama chini.

Martini alitufuata hadi njia panda. Metui alisimama, akamgeukia.

"Kijana, mimi ningemfundisha fimbo," alisema. "Wala nisingemwendea mchunga ng'ombe wa upande wa pili kumwambia inapigwa vipi."

Martini alibaki pale njia panda.

Januari Hyasinta aliondoka kwenda chuoni. Mwanangu alipata kazi ya kutengeneza barabara Ngorongoro, juu kule kwenye ukingo wa kreta, akakaa huko. Watu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Nilikuwa nikiiona suruali ile iliyoshonwa kwa mkono ikining'inia nyuma ya mlango, na sikuweza kuichoma wala kuigawa. Upendo ule ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Angekuwa mkatili ningejua pa kumweka.

Baada ya mvua za masika nilipanda lori la mahindi, nikaenda kumuona. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona kreta wala miti. Martini alinivua kitenge kilicholowa, akanivisha koti lake zito, akanikalisha karibu na moto, akanimiminia chai kabla ya kujimiminia yeye. Alikuwa amekonda.

Alinimiminia kikombe cha pili.

"Hyasinta anaendeleaje?"

"Anasoma. Wameanza kumpeleka wodini."

"Ameleta salamu?"

"Nilimuuliza kama niseme kitu. Akasema, mwambie mimi mzima."

Aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Bado anafanya mazoezi?"

"Anafanya. Amepata mtu mwingine wa kumfundisha."

"Nani?"

"Hakuniambia, Martini. Nami sikuuliza, ili siku ukiniuliza nisiwe na la kukujibu."

Alifunika uso kwa mikono. Nilimuwekea mkono begani, maana ni mwanangu. Lakini sikumwambia yamekwisha. Hayakuwa yangu kuyamaliza.

Dereva alipiga honi. Nilianza kuvua koti, Martini akalishika lisitoke, akafunga vifungo mwenyewe hadi shingoni. Alinisindikiza kwenye ukungu akinishika kiwiko, akanipandisha, akabaki chini amekamata ubao wa lori kana kwamba angeweza kulizuia.

"Mama," alisema, "utakuja tena?"