Cheti Kabla ya Kimbunga

Ovide alikuwa ameshapakia gari tangu asubuhi. Mbwa yumo, jenereta imo, picha za harusi yetu zimo ndani ya sanduku la barafu ili zisilowe. Kilichobaki ni mimi na kompyuta yangu, mezani jikoni, madirisha yamepigiliwa mbao na taa inawaka mchana kweupe.

"Odette, unataka kimbunga kikukute hapo ukikaribishe kahawa?"

"Bado kidogo tu, kipenzi."

"Kidogo chako nakijua. Ndicho kilichomfanya padri asinzie siku ya harusi."

Nikamwacha aseme. Kikundi chetu cha wenye mashua hapa Chauvin, mji wetu wa pwani, kina tovuti yake. Mtu akizingirwa na maji anaandika pale alipo, na mwenye mashua aliye karibu anamfuata. Sasa asubuhi hiyo, kati ya siku zote, cheti cha usalama cha tovuti kilikuwa kimekwisha muda. Kila aliyeifungua alipokewa na onyo jekundu kwamba huenda wezi wakamwibia habari zake. Nani ataandika anwani yake hapo? Kimbunga kilichopita kilituletea matapeli wengi kuliko mabati ya msaada, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Vyeti hivyo alikuwa akivitengeneza binamu yangu Lucien, lakini kompyuta yake ilishakufa na mwenyewe kahamia Texas. Nikampigia simu, nikaiweka mezani sauti ikiwa juu.

"Programu ya kuombea cheti haielewani na kompyuta yako, dada," akasema. "Itabidi ujenge kompyuta nyingine, ya programu tupu, humo humo ndani. Itakula nafasi na kumbukumbu za hiyo yako, lakini yenyewe itajiona kompyuta kamili."

"Kama Ovide anavyojiona mwenye nyumba."

"Nimesikia!" Ovide akapiga kelele kutoka barazani.

Kujenga ni neno rahisi. Mara ya kwanza niliipa kumbukumbu kidogo mno, ikaganda na uso mweusi. Nikaifuta. Mara ya pili ikawaka vizuri, lakini ikawa haina intaneti, kama mtu aliyezaliwa bila masikio. Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena. Redioni wakasema upepo umegeukia kwetu. Lucien akanionyesha mahali pa kurekebisha, na hatimaye kompyuta ya ndani ikaanza kuzungumza na dunia.

Wanaotoa vyeti wakataka ushahidi kwamba jina la tovuti ni letu. Wakanipa mstari wa herufi zisizosomeka, niuweke kwenye rekodi za jina hilo mtandaoni, wakaukague wenyewe. Nikauweka. Ikawa ni kungoja uenee mtandaoni hadi wauone.

Taa ikazimika.

"Ovide! Umefanya nini?"

"Nimezima umeme wote. Si ndivyo tunavyofanya tukiondoka?"

"Nani kakwambia tunaondoka? Umeikata intaneti!"

Alisimama mlangoni na tochi mkononi. Nilitamani kumrushia kikombe. Kompyuta ilikuwa bado hai kwa betri yake, ila kile kiumbe ndani yake kilikuwa kikiita gizani bila kuitikiwa.

"Simu yako ina intaneti," akasema polepole. "Twende. Utamalizia garini."

Kwa hiyo nilimalizia garini, kompyuta mapajani, mbwa akinipumulia shingoni. Barabara iendayo Houma ilikuwa imeziba na magari yalisogea kama konokono. Lucien alikuwa amenionya nisibonyeze kitufe cha ukaguzi mapema, kwa sababu ukikataliwa mara nyingi wanakufungia mlango kwa muda. Nikabonyeza mapema. Nikakataliwa. Nikaikalia mikono yangu kama mtoto aliyeadhibiwa, tukapita kanisa, tukapita kituo cha mafuta kilichofungwa, ndipo nikajaribu tena.

Cheti kikaja. Nikakipeleka pamoja na ufunguo wake kwa wenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti yetu, kisha nikafungua tovuti kwa simu. Onyo halikuwapo.

"Imekubali?" Ovide akauliza.

Papo hapo watu wakaanza kuandika. Mama na watoto kule Dulac. Nikamtumia ujumbe mwenye mashua wa karibu. Mzee na mkewe huko Montegut. Nikatuma. Wa tatu nilimsoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma: "Alcée Pitre. Niko nyumbani. Binti yangu hakuja."

Mjomba Alcée anakaa ng'ambo ya barabara yetu. Jana yake alituapia kwamba binti yake angemchukua.

Ovide akatazama foleni iliyokuwa mbele, akatazama wingu, akakata usukani kurudi tulikotoka. Tukapita juu ya nyasi za nyua za watu.

"Si ulikuwa na haraka wewe?"

"Nyamaza, Odette."

Tulimkuta barazani na kofia yake ya Jumapili, ameshikilia sanduku. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga kwa upande.

"Wanangu, mmechelewa," akafoka. "Tangu asubuhi najaribu kuandika, simu inaniambia nyinyi ni wezi!"

"Ni kweli, mjomba," Ovide akasema, akimbeba mzimamzima. "Tumekuja kukuiba."

Tulifika Lafayette kwa dada yangu tukiwa tumelowa hadi mifupani. Mjomba alilala papo hapo kwenye kochi. Mimi sikuweza hata kuvua viatu. Majina yalikuwa yanaendelea kuingia, na kila moja lilitaka mashua.