Upepo wa Kilomita Tisini

Mimi, Aganze, hupima upepo na joto la anga la juu, kilomita tisini kutoka ardhini. Vimondo vikiungua huko huacha mkia, upepo huusukuma, na rada yetu husikiliza unakoelekea. Ni kazi nzuri, ila ina kasoro moja: mvua hainyeshi kutoka huko. Mvua ni mambo ya chini, ya watu wa kawaida.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumweleza Mzee Ignace, baba yake Marlène, wiki ile nilipokuwa najiandaa kwenda kujitambulisha kwao, mtaa wa Handsworth. Nilimpenda Marlène hadi nikawa mjinga, na bila baraka za baba yake hakuna ndoa. Mzee alinipigia simu mwenyewe kuhusu karamu ya Jumamosi.

"Aganze, weye daktari ya upepo. Samedi tupike nje ao ndani? Mvua itanyesha?"

Daktari! Nikavikwa kilemba cha ukoka, nami nikakikaza kwa mikono yangu. Neno "sijui" lilifika kooni, nikalimeza. Hata utabiri wa kwenye simu sikuutazama. Niliona ni kujidhalilisha. Nikafungua vipimo vyangu: kilomita tisini juu kulikuwa shwari.

"Pikeni nje, Papa. Hakuna mvua. Asilimia mia."

Jumamosi, mbuzi akiwa juu ya mkaa na wageni arobaini wamekaa uani, mvua ilishuka. Upepo uling'oa turubai ukalibwaga kwa jirani Gurvinder, juu ya mawaridi yake. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikawa supu. Shangazi zake Marlène walikimbilia ndani na viti vichwani, wakinitazama. Nami nilisimama na suti yangu ya kuazima, nimelowa chapachapa, nikatamani kimondo kimoja kipotee njia kinipate.

Tulipobanana sebuleni, Mzee Ignace alijifuta uso kwa kitambaa cha meza. Akaniuliza lile swali ambalo kila mkwe huulizwa mbele ya ukoo.

"Na mtoto wangu, utamutunza?"

"Asilimia mia, Papa," nikasema, kabla akili haijafika.

Sebule nzima ikageuka kutazama dirishani. Nami nikatazama. 

Marlène peke yake alikuwa mkavu. Akainuka, akauchukua mwamvuli uliokuwa ukidondosha maji kando ya mlango, akamwonyesha baba yake.

"Papa, usiogope," alisema. "Huyu namujua. Huu niliuweka pale tangu asubuhi."