Mstari Mmoja Katika Darasa la Msingi

Saa nne na robo asubuhi, mtengeneza programu aliiona namba ya simu ya mdogo wake kwenye logi ya ofisi, kumbukumbu ya kila kinachopita kwenye mfumo. Namba hiyo alikuwa amemnunulia yeye mwenyewe, kwa siri. Sasa ilikuwa wazi kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na mtaa, namba ya nyumba, na ombi la zahanati kwamba dawa zipelekwe nyumbani kwa mgonjwa.

Na mtu wa zamu ya kusoma logi wiki hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa huyo mdogo wake.

Shemeji alikaa meza ya tatu kutoka kwake. Ofisini kila mtu alimpenda: mcheshi, mkarimu, hana makuu. Miezi mitano iliyopita huyo asiye na makuu alimvunja mkewe mkono, na mkewe akatoroka na begi moja. Tangu hapo kila asubuhi alipita kuuliza kwa upole, "Shemeji, hujamsikia mwenzangu?" Naye alimjibu, "Sijamsikia, shemeji."

Kosa lilikuwa lake, tena la kijinga. Maktaba ya programu za kampuni ilikuwa na vijiprogramu kumi na viwili vilivyokwenda kubisha hodi kwenye huduma za nje: hali ya hewa, ramani, vifurushi, na juzijuzi zahanati. Vyote vilirithi tabia kutoka darasa moja la msingi, yaani kiolezo mama cha programu, aliloliandika yeye. Ukilifundisha darasa hilo jambo leo, watoto wake wote wanalijua leo hii hii. Asiyelitaka lazima aandikiwe kwamba amekataa. Jana, akisaka hitilafu ya vifurushi, aliongeza mstari mmoja tu: kila ombi linalotoka liandikwe lote kwenye logi. Alipaswa kuuweka kwa mtoto wa vifurushi peke yake. Uvivu ukamponza, akauweka kwa mama, akaenda zake kula. Mtoto wa zahanati alikuwa mgeni, na hakuna aliyekuwa amemwandikia kukataa kitu.

Aliufuta mstari ule. Akaingia kwenye logi, akafuta ombi la mdogo wake, akafuta na mengine kumi ili pengo lisionekane la mtu mmoja. Vidole vilikosea herufi mara tatu.

"Mbona unahema hivyo, umekimbizwa na nani?" aliuliza mkuu wa kitengo, akipita na kikombe chake.

"Hamna kitu, bosi. Joto tu."

"Joto, na feni yote umejielekezea wewe!"

Mkuu alicheka, na yeye akajilazimisha kucheka. Labda shemeji hajaiona, alijiambia. Labda leo naye amezembea. Aliogopa kutazama meza ya tatu, akajipa sababu mbili tatu za kuendelea kutazama kioo chake, kisha akageuza shingo.

Kiti cha shemeji kilikuwa kitupu. Koti halikuwepo. Kompyuta yake ilikuwa bado inawaka, imejaa ramani ya mji, na alama nyekundu imesimama juu ya nyumba moja.

"Shemeji yangu yuko wapi?"

"Ameondoka kitambo," alijibu mkuu, uso umemchangamka. "Hajakwambia? Anaenda kumchukua mkewe. Wamepatana! Tumempa mkono wa hongera hapa hapa."

Alichomoa simu, ikaita mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mlio aliuona mrefu kuliko uliotangulia.

"Dada! Nilikuwa nataka nikupigie sasa hivi," sauti ya mdogo wake ilikuja, imechangamka, ya mtu aliyelala vizuri.

"Toka humo ndani. Pitia mlango wa nyuma, sasa hivi!"

"Ngoja kwanza, dada, dawa zangu zimefika. Huyo anagonga."

"Usifungue!" Alipiga kelele hadi ofisi nzima ikageuka. "Mdogo wangu, usifungue! Sio dawa!"

Lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Alisikia kandambili zikiburuzwa kuelekea mlangoni, bila haraka, kisha komeo likivutwa.